Mhariri, huyu dada mtu wa tamthilia ameulizwa lini kama ashakula?

Mhariri,

Assalam aleikum. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, gazeti lenyewe mara nyingi hulisoma likishafungiwa mahamri, lakini safari hii nimeona niandike manake jambo limenikaa hapa kooni wiki ya pili sasa na nikilisema nyumbani naambiwa we nawe, si ni tivii tu hiyo.

Naongelea hizi tamthilia za jioni. Zote, za kwetu, za Kituruki, za Kifilipino na zile za Kimeksiko tulizoanza nazo zamani. Sizipondi, niseme hilo mwanzo kabisa. Mimi ni mtazamaji wa tangu Tausi ya KBC miaka ya 1990, wakati huo mtaa mzima una tivii za kuhesabu na sisi twaenda kukaa sakafuni kwa jirani mwenye nayo, viatu tumeviacha mlangoni, na ole wako ukohoe. Na kitu kinachonifurahisha siku hizi ni kuwa Kiswahili chetu cha pwani kimeingia kwenye skrini na hakuna anayekicheka. Sultana ilipoanza Citizen 2022 mamangu alikuwa akijibizana na tivii kama yuwaongea na jirani dirishani.

Kwa hivyo nalalamika kama mwenye nyumba, si kama mpita njia. Na ninalolalamikia ni moja tu, ni yule ndugu mwenye kinyongo.

Mwamjua. Hakuna tamthilia asiyokuwemo. Akiwa mwanamke basi ni dada mkubwa, wanja umetoka jichoni wenda sikioni, na akibaki peke yake chumbani huongea na kioo. Akiwa mwanamume ana ndevu za kuchongwa na glasi mkononi hata saa nne asubuhi. Mdogo wake ndio steling, mzuri, mpole, yualia bila kutoka makamasi. Na huyu mkubwa hana kazi nyengine duniani ila kumchukia mdogo. Amchukia kwa nini? Basi tu, ana roho mbaya, kazaliwa nayo. Atabadilisha majibu ya DNA, ataficha barua, ataiba mtoto hospitali, atatia kitu kwenye juisi, na mwisho wake apate wazimu ama aanguke ngazini na sisi tushangilie.

Nimefikiria sana kwa nini waandishi wampenda hivi mtu huyu, na mimi alfajiri nikiwa kwa karai langu la kukaangia vya kuuza huwa sina cha kufanya ila kufikiria. Naona ni kwa sababu ana ufunguo. Adui wa nje lazima abishe hodi, itabidi mwandishi atafute njia ya kumuingiza ndani, lakini ndugu tayari yuko jikoni, ajua dawa za mzee ziko kabati gani, ajua mdogo wake hulala saa ngapi. Tena ni kazi rahisi, nyumba moja, meza moja ya kulia, ugomvi wa miezi minane. Na hizi za Kituruki ndio kabisa, manake kwao kule episodi hutoka mara moja kwa wiki na huenda saa mbili na zaidi, ikishauzwa nje hukatwakatwa vipande, basi dada kumtazama mdogo wake kwa jicho baya peke yake kwaweza kula Jumatatu yote mpaka Jumanne na wewe umekaa wangoja.

Waturuki angalau wana udhuru. Sultani wao Mehmed wa Tatu alipokalia kiti 1595 aliwanyongesha ndugu zake 19, ndio iliyokuwa desturi yao ya kulinda ufalme, sasa mtu akitoka kwenye historia kama hiyo nitamuelewa akimuogopa ndugu yake. Na wao wakati mwengine hujitahidi. Wengi mliitazama Kara Sevda, ile iliyochukua Emmy ya kimataifa 2017, mimi niliinunua yote kwa flashi nikaimaliza ndani ya Ramadhani, Mungu anisamehe. Mle muna Tarık, kakake Kemal. Baba yao kinyozi, nyumba yao ya kawaida, Kemal kaenda migodini Zonguldak karudi na pesa na jina lake ndio wimbo wa nyumba, na Tarık yuko palepale alipoachwa. Zile za mwanzo ukimtazama usoni Kemal akisifiwa utaona kitu cha kweli kabisa, mimi nilisimamisha picha nikamwangalia vizuri, nikasema huyu namjua. Halafu akaja yule tajiri Emir akamvuta kwake na baada ya hapo yakawa yaleyale, akawa mbaya kama wabaya wengine wote. Walikuwa na mtu mkononi wakampoteza.

Sasa ngoja niseme langu manake najua mtu ashaanza kusema mama huyu asingizia tivii kumbe ana lake. Ndio, ninalo.

Sisi tuko watatu. Mimi mkubwa, kisha kaka yetu yuko Nairobi, kisha kitinda mimba yuko Doha mwaka wa kumi na moja huu. Baba alifariki 2009. Nyumba ni hii ya hapa Majengo, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita ukumbi katikati, vitatu twakodisha, na kama nyumba nyingi za Mombasa nyumba ni yetu ardhi si yetu, kila mwezi kuna kodi ya ardhi ya kumpelekea mwenyewe. Mama ana sukari. Mimi niliachika 2012 nikarudi na wanangu wawili na tangu hapo husemwa "niko nyumbani". Hebu litazameni hilo neno. Mdogo wetu yuko Doha, kaka yuko Nairobi, mimi niko nyumbani. Kama mtu aliyekaa tu, kama kabati.

Mwaka juzi tulikaa kuigawa mirathi ya baba, shekhe akatupigia hesabu nyuma ya karatasi ya khaki ya sukari. Mafungu 32. Mama thumni yake, 4. Kaka 14. Mimi 7, mdogo wangu 7. Kalamu haikusita hata mara moja. Sina neno na hesabu ile, ni ya Mungu, na kama kuna mtu haridhiki nayo hilo ni lake na Mola wake. Lakini mimi nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa pale mlangoni na kichwani nina hesabu nyengine ambayo haikuwa na karatasi. Ya kumtoboa mama kidole saa kumi na moja alfajiri kumpima kabla karai halijashika moto. Ya kumkata kucha za miguu pole pole kama nachonga kito, manake mwenye sukari hakatwi kucha ovyo, kidonda kidogo tu cha mguu chaweza kumfikisha kukatwa mguu wenyewe. Ya kugombana na mpangaji wa chumba cha uwani kila tarehe tano. Na sikutaka nipewe fungu la hayo wallahi, nilitaka mtu ayataje. Kaka akasema haya, alhamdulillahi, limekwisha, akaangalia saa, yeye ana treni ya saa tisa.

Ndicho hicho kinyongo chenyewe, Mhariri. Hakina wanja. Hakitii kitu kwenye juisi ya mtu. Kinapika, kinafua, kinajibu "hamna shida". Mimi niko nacho miaka na sijamuombea mdogo wangu baya hata siku moja, akisafiri humsomea dua mpaka ndege iishe kuonekana na huku nimemkasirikia, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sijaona mwandishi aliyeniandikia mtu wa hivyo.

Basi mwezi uliopita mdogo wangu alikuja likizo. Jioni moja tumekaa ukumbini, mama kwenye kiti chake, mdogo wangu kwenye mkeka na simu yake, mimi naingia natoka manake viazi karai viko motoni na wateja wa magharibi wako barazani wangoja, kila mmoja ataka ukwaju kwanza. Kwenye tivii dada mkubwa kashika kichupa kidogo, ngoma zapigwa, matone mawili matatu ndani ya glasi ya mdogo wake. Mdogo wangu akacheka, akasema, "Dada, si ndio wewe huyo!"

Ni mzaha. Nilijua ni mzaha. Lakini nilisimama pale na upawa wa matundu wadondosha mafuta kwenye mkeka na kicheko hakikutoka. Mama, tuliyedhani kashalala, akasema bila kufungua macho, "Huyo mwenye kutia sumu, tangu ianze picha hino kuna mtu kamuuliza kama ashakula?"

Na stima ikazimika. Si mtaa, ni kwetu tu. Tokeni zimeisha.

Mdogo wangu akasema tulia dada, leo nanunua mimi, akaingia M-Pesa, halafu akanyamaza. Naona uso wake tu kwa mwanga wa simu. Akaniuliza, "Mita namba ngapi?"

Nikamsomea kwa moyo. Namba kumi na moja, nilimtajia kama nasoma Alhamdu, na nafikiri alisikia vile nilivyozisoma manake hakuinua uso. Ujumbe ukaja na zile tarakimu 20, mimi nikapanda kwenye kiti mbele ya mita, yeye animulikia kwa simu yangu na kunisomea kwa simu yake, nne nne, mimi nabonyeza. Baada ya zile nne za pili akaniambia, na sauti hakuipandisha, "Wewe wadhani mimi sioni. Mimi kule nikiona jina la nyumbani kwa wasap moyo hunipiga kabla sijafungua. Miaka kumi na moja hakuna voisi iliyoanza na u hali gani ikaishia hapo. Hata Idi. Mwanitumia picha ya biriani na chini yake bei ya mabati."

Nikabonyeza vibaya. Ikabidi tuanze upya.

Nilikuwa sijui la kumjibu na mpaka leo silijui, manake bei ya mabati nilituma mimi, na picha ya biriani nilituma mimi, na nilipokuwa natuma nilidhani namfurahisha. Taa ikarudi, kwenye tivii ni matangazo ya sabuni, juisi ilinywewa ama ilimwagika hatukujua. Viazi viliungua karai zima. Wateja wawili walikuwa washaondoka.

Sasa nambieni, nyie wa tamthilia, yupi hapo steling na yupi adui?

Na hapa niongeze moja, hili neno la "damu nzito kuliko maji". Sina ugomvi na wahenga. Lakini angalieni huwa lasemwa lini kwenye hivyo vipindi. Kuna babu ama shangazi mwenye miwani, atalisema pale pale yule aliyedhulumiwa anapofungua mdomo kusema, si kabla si baada. Kumpenda ndugu kwenye tamthilia ni kunyamaza tu. Mmoja afungwa jela kwa kosa la kakake na anyamaza, mwengine amuachia dada yake mchumba na anyamaza, sisi twalia twasema ona mapenzi hayo. Na mitaani kwetu ni hivyo hivyo, ukisema kitu waambiwa usitoe ya ndani nje, na sasa hivi ninavyoandika barua hii najua kuna shangazi yangu mmoja atanipigia simu.

Wakati kisa kikubwa kuliko vyote cha ndugu, cha Nabii Yusuf, Qurani haikuwaficha wale ndugu sababu yao. Walisema wenyewe, Yusuf na nduguye wapendwa zaidi na baba yetu kuliko sisi na sisi ni kundi zima. Maneno yao yako pale, twayasoma. Hayakuwahalalishia kumtupa mtoto kisimani, dhambi ilibaki dhambi, lakini mtu akisoma aibeba sababu na aibeba dhambi pia, hapewi moja akanyimwa nyengine.

Na msiseme visa vya kwetu hamna. Bibi Salme je, yule binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Omani? Seyyid Said alifariki 1856, mwanawe Thuwaini akabaki na Omani, Majid akapata Unguja na pwani yote hii pamoja na Mombasa yetu, na Barghash hakupata kitu. 1859 Barghash akapanga kumng'oa Majid, na walio nyuma yake ni dada zake, Bi Khole na huyu Salme, msichana wa kama miaka kumi na mitano lakini ajua kuandika, basi akawa ndio karani wa njama. Askari wakaizingira nyumba ya Barghash, dada zake wakaenda kumtembelea na walipotoka wakatoka naye kajifinika nguo za kike, hivyo ndivyo Salme mwenyewe alivyokuja kuyaandika. Wakashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Sasa sikiza. Majid, aliyesalitiwa, ndio akamsamehe Salme, na kwa sababu alikubali kusamehewa ndugu zake wa upande wa Barghash wakamnunia yeye. Miaka ikaenda, 1866 akaondoka kwa ajili ya Mjerumani, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete, mume akafa mapema akabaki na watoto watatu ugenini. 1870 Majid akafa na Barghash akawa Sultani, yule yule ambaye huyu dada alimuandikia barua za njama yake. Na 1885 Salme alipokuja Unguja na meli za Wajerumani ataka mirathi yake, Barghash hakukubali hata kumuona.

Nani roho mbaya hapo? Mimi kila nikiigeuza sipati. Barghash ana sababu, dada kaacha dini na kaja na manowari. Salme ana sababu, ujana wake wote aliutia hatarini kwa kaka huyu. Hakuna sumu hapo, hakuna DNA, kuna barua na mlango uliofungwa, na mimi ningetazama hiyo kila siku saa moja na nusu mpaka viazi viungue tena.

Mwanangu mkubwa nilipomwambia haya alinicheka, akasema mama, watu wametoka kazini wamechoka, hawataki hesabu za mirathi, wataka kofi. Nami nakubali. Kofi nalipenda pia, sitawadanganya, kofi moja kwa wiki lenye mlio mzuri lanitosha kabisa na wala sitauliza sababu. Nisemalo ni kuwa kabla ya kofi mtuonyeshe tokeni. Mtuonyeshe huyo dada mtu asubuhi, kabla hajapaka wanja, yuwafanya nini na amfanyia nani. Mtuonyeshe na yule mdogo mzuri akiwa peke yake chumbani kwa watu huko ugenini ahesabu ngapi atume na ngapi abaki nazo. Halafu mkitaka kumtia sumu mtu, mtieni, lakini nitakuwa najua namlilia nani.

Na wale mnaoigiza hizo nafasi za dada mkubwa, kwa vile najua mwasoma magazeti, hamna kosa nyie, mwafanya mlivyoandikiwa. Ila siku moja mkiwa mbele ya hicho kioo, badala ya kucheka kile kicheko hebu kaeni chini mvue viatu. Basi hivyo tu. Sisi tutaelewa.

Mdogo wangu kasharudi Doha. Juzi usiku kanipigia, si voisi, simu yenyewe, nikashika roho mkononi nikidhani kuna lililotokea. Kumbe ataka kujua ile juisi nani aliinywa. Nikamwambia sijui, siku ile si taa zilizimika, na marudio yake hutoka wakati niko kwa karai. Akasema basi muulize mama. Mama nimemuuliza, asema hata yeye hajui lakini aonavyo yeye hakuna aliyeinywa, ilikaa pale mezani mpaka ikaingia nzi.

Dada Mkubwa,
Majengo, Mombasa.